Jiko la Manikaran halina kuni

Kwenye kichochoro kinachoteremka kuelekea mtoni Manikaran, mji wa hija katika milima ya Himalaya kaskazini mwa India, kila baada ya vibanda viwili vitatu utakuta anayeuza mchele. Haupimwi kwa kilo. Umetiwa ndani ya vifuko vidogo vya kitambaa cheupe, kila kifuko kimekazwa mdomo na kuachiwa kamba ndefu. Unanunua chako, unavua viatu, unaingia hadi kwenye kisima cha mawe kilichozungushiwa vyuma, unakitumbukiza kifuko katika maji yanayotokota na kufunga ncha ya kamba kwenye chuma. Halafu unakaa kusubiri na wenzako. Hapana moto wala moshi. Baada ya kama nusu saa unavuta kamba na wali umeiva. Waliotia dengu husubiri zaidi wala hawalalamiki, maana dengu hazijawahi kuwa na haraka popote duniani.

Hija nyingi za Kihindu zenye maji moto ni hija za kuoga. Kule Badrinath, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,000, hujaji huoga kwanza katika kidimbwi cha Tapt Kund ndipo aingie kusimama mbele ya mungu Vishnu. Gaurikund, njiani kwenda Kedarnath, palikuwa na chemchemi ya aina hiyo mpaka mafuriko ya Juni 2013 yakaja na mawe yake yakaizika. Yamunotri, kwenye chanzo cha mto Yamuna, watu huoga na pia hupika: mchele na viazi hufungwa kwenye kitambaa na kuzamishwa Surya Kund, kisha hurudishwa nyumbani kuwa tabaruku. Manikaran nako bafu zipo, tena nzuri, na nitazifikia. Ila kwa macho yangu mimi, huku jiko ndilo linalotawala, na nimeondoka nikiamini kwamba huwezi kuuelewa utukufu wa mahali hapa kama hujauanzia tumboni.

Nilikwenda na rafiki yangu wa darasani, mzaliwa wa jimbo hilohilo la Himachal Pradesh, pamoja na mama yake mzazi aliyekuwa na nadhiri ya kutimiza. Mimi ni mtoto wa Mombasa, Mwislamu, na niko Punjab kwa masomo, kama walivyo Wakenya na Watanzania wengi waliojaa vyuo vya upande ule. Tulipanda basi la usiku kutoka Chandigarh. Sitawachosha na kona. Kuna handaki moja linaloitwa Aut, karibu kilomita tatu ndani ya mlima, ukitoka upande wa pili unahisi umebadilishiwa nchi: hewa ya baridi, misonobari, paa za vibamba vya mawe. Bhuntar ndipo mto Parvati unapoingia mto Beas, na hapo tukashuka kupanda basi dogo la kupandisha bonde, kilomita kama 35 za barabara iliyochongwa ubavuni mwa mwamba. Kilomita chache kabla ya kufika unapita Kasol, kijiji cha vijana wa kizungu na Waisraeli wenye mabegi mgongoni, mikahawa ina vibao vya Kiebrania na hewani mna harufu ambayo si ya ubani. Mama alifunga dirisha.

Manikaran yenyewe ni mji mwembamba uliobanwa kati ya mto na mlima. Hauna pa kupanukia. Mto Parvati unapita hapo kwa kelele, maji yake ya rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu, baridi ya kutoka kwenye barafu. Na ubavuni mwa mto huohuo, hatua chache tu, mvuke unafuka kutoka kwenye mawe. Ukisimama darajani unaona yote mawili kwa pamoja, barafu inayokimbia na mwamba unaopumua. Mvuke hautoki mahali pamoja. Unatoka penye ufa, penye bomba, chini ya ngazi, nyuma ya duka la bangili. Kuna sehemu za sakafu ambapo wametandika magunia na mbao kwa kuwa jiwe lina joto la kuunguza unyayo, na hapo viatu umeshaviacha mlangoni.

Hadithi wanayoisimulia Wahindu ni hii. Mungu Shiva na mkewe Parvati walifika bonde hili wakalipenda, wakakaa miaka 1,100. Siku moja Parvati alikuwa akicheza majini, kito cha kipuli chake kikadondoka, kikazama. Shiva akawatuma watumishi wake wakitafute, wakarudi mikono mitupu. Akaghadhibika, akafumbua jicho lake la tatu, na hilo jicho likifumbuka ulimwengu huwa mashakani. Wasimulizi husema kutoka kwenye jicho hilo alizaliwa mungu wa kike, Naina Bhagwati, mwenye hekalu lake papo hapo mjini, na yeye ndiye aliyefichua kwamba kito kimeingia kuzimu na kinashikiliwa na Shesha, nyoka mkuu. Shesha alipobanwa alifoka kwa nguvu, na kufoka kwake kukapasua ardhi. Maji ya moto yakaruka juu, nayo yakaja na kito cha Parvati na vito vingine visivyohesabika.

Mama alinisimulia tukiwa tumekaa kwenye kidaraja, naye anahesabu pesa za sadaka. Alipofika hapo akaongeza jambo lililonifanya nigeuke. Vito, akasema, viliendelea kutoka na maji kwa vizazi na vizazi, hadi mwaka 1905. Baada ya hapo havikutoka tena.

Hadithi za miungu kwa kawaida hazina tarehe. Hii inayo, na si tarehe ya kubuni. Tarehe 4 Aprili 1905 tetemeko la ardhi la Kangra liliupiga ukanda huu wa Himalaya na kuua watu zaidi ya 20,000. Hapa Manikaran hekalu la Shiva liliinama. Sasa, mtu wa jiolojia atakwambia kwamba tetemeko kubwa hufunga nyufa hizi na kufungua zile, chemchemi hukauka huku ikaibuka kule, nguvu ya maji hubadilika. Kwa hiyo kama kulikuwa na shimo lililokuwa likirusha maji kwa nguvu pamoja na vijiwe vya kung'aa, ni jambo la kuaminika kabisa kwamba asubuhi moja ya Aprili lilinyamaza. Sisemi vilikuwa vito. Nasema kuna watu walioona kitu kikikoma, wakakumbuka mwaka, na wakauingiza mwaka huo ndani ya simulizi ya Shiva bila kuona haya. Nimewapenda kwa hilo kuliko wangesimulia hadithi safi isiyo na mshono.

Kuhusu joto lenyewe, kwetu Afrika Mashariki tumezoea jibu moja: volkano. Ziwa Bogoria kule Kenya linachemka na kunuka kwa sababu Bonde la Ufa linapasuka na moto wa ardhini uko karibu. Himalaya haina volkano hai. Pale bara la Hindi limekuwa likiisukuma Asia kwa takriban miaka milioni 50 na bado linasukuma, sentimita chache kila mwaka, miamba inakunjwa na kupasuliwa. Mvua na theluji iliyoyeyuka huzama katika nyufa hizo hadi kina cha kilomita kadhaa, hukutana na mwamba wenye joto, kisha hupanda upesi kupitia ufa mwingine kabla hayajawahi kupoa. Mwamba wa hapa ni kwatsaiti, mgumu na mweupeweupe, na wanajiolojia wameupa jina la mji huu. Kwenye mwinuko wa karibu mita 1,760 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala hayangoji kufika 100 kama ya sufuria ya Mombasa. Vipimo vya chemchemi kali zaidi za hapa vimepita nyuzi 90. Maana yake ni kwamba maji hayo yanafika juu yakiwa ukingoni mwa kuchemka, baada ya safari yote ile gizani.

Serikali ya India iliyaona mapema. Miaka ya 1970 wataalamu wa Idara ya Jiolojia walichimba visima vya majaribio katika bonde hili, na miongoni mwa mambo waliyojaribu Manikaran ni chumba cha baridi kilichoendeshwa na joto la chemchemi. Nimelirudia hilo mara mbili kwa rafiki yangu ili anithibitishie hanitanii: walichukua maji yanayochemka wakaendeshea jokofu. Inawezekana, hata jokofu la mafuta ya taa hufanya hivyo, ila inachekesha. Jambo lenyewe halikukua. Kenya iliwasha mtambo wa kwanza wa Olkaria mwaka 1981 na leo mvuke wa ardhini unatupa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wetu, wakati India, yenye mamia ya chemchemi za moto, bado iko kwenye majaribio. Umeme wa bonde la Parvati umetafutwa kwingine, kwa mabwawa na mahandaki ya mto wenyewe; mradi mmoja tu, Parvati II, ni wa megawati 800. Maji ya moto wameachiwa mahujaji na wapishi.

Na wapishi wakubwa zaidi si Wahindu. Ni Kalasinga.

Ukivuka daraja, jengo kubwa kuliko yote mbele yako ni gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, ghorofa juu ya ghorofa hadi ukingoni mwa mto. Mwanzilishi wake, mtawa aliyeitwa Baba Narayan Hari, alifika hapa mwaka 1940 na kutumia maisha yake kuijenga. Lakini wao huihesabu historia yao hapa tangu Guru Nanak mwenyewe, mwanzilishi wa dini yao, aliyeishi kati ya 1469 na 1539, na nao wana hadithi yao juu ya maji haya. Guru alipita bondeni na wafuasi, mmoja wao Mardana, mpiga rababu. Mardana akashikwa na njaa. Unga ulikuwepo, moto hapakuwa. Guru akamwambia ainue jiwe, akainua, maji yakabubujika yakitokota. Mardana akasukuma chapati zake akazitupia ndani, zote zikazama. Pale mtu mwenye njaa anaelewa uchungu wake. Guru akamwambia: omba, uahidi kwamba zikielea utatoa moja kwa ajili ya Mungu. Akaahidi, chapati zikapanda juu zimeiva.

Kuna jambo katika hadithi hiyo ambalo hawalipigii kelele lakini halifichwi: Mardana alizaliwa Mwislamu. Kwa hiyo juu ya chemchemi moja kuna mungu wa kike aliyepoteza kipuli, kuna guru aliyeinuliwa jiwe, na kuna Mwislamu mwenye njaa ambaye asingekuwapo hadithi ya pili isingekuwa na sababu. Mimi niliyekuwa sijala tangu basi la usiku nilijua niko upande wa nani.

Chakula cha gurdwara hupikwa humohumo. Sufuria kubwa za wali na za adesi huteremshwa kwenye visima vya maji yanayochemka na kufunikwa kwa magunia, na huachwa ziive polepole. Mvuke ni mzito hata mpishi humwoni uso, unaona kilemba na mkono. Unakaa chini sakafuni kwa safu, tajiri na kuli, unawekewa sahani ya bati yenye vishimo, wanapita na ndoo: wali, adesi, mboga, chapati unapewa mikononi, nawe unapokea kwa mikono miwili. Hakuna anayeulizwa dini wala nauli. Kichwa lazima kifunikwe, wanaume kwa wanawake, na mlangoni kuna kapu la vitambaa vya rangi ya machungwa kwa waliokuja wazi. Mlinzi alinitazama mtandio wangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanipitisha bila neno. Sijawahi kukaguliwa nikafaulu upesi namna ile katika nchi hii.

Msomaji wa Kenya anajua ninachokisema hata kama hajawahi kuvuka bahari, kwa sababu ya Makindu. Hekalu lile la kando ya barabara ya Mombasa na Nairobi lilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga wa reli, na mpaka leo dereva wa lori, mwanafunzi na familia yenye gari lililoharibika huingia, hunawa, huketi na kulishwa bure. Nimekula Makindu tangu nikiwa sijui kusoma. Wajenzi wa reli ile ya kati ya 1896 na 1901, zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, wengi wao walitoka Punjab hiihii ninayosomea. Kama 2,500 hawakurudi hai. Waliobaki walikuja na jiko lao. Adesi ya Manikaran nilipoionja niliitambua: chumvi kidogo, tangawizi, na ile ladha ya chakula kilichopikwa kwa ajili ya watu mia bila kumwonea yeyote. Tofauti ni moja. Makindu kuna mtu analipa gesi.

Wali wa kifuko ulikuwa shauri jingine. Mwislamu anayesoma hapa ameshaniuliza swali kimoyomoyo: je, uliula? Chakula cha gurdwara hakikunisumbua, hakina nyama, hakitolewi kwa sanamu, na mimi si wa kwanza. Wali unaopelekwa mbele ya sanamu na kurudi kuwa tabaruku ni mpaka ambao sikutaka kuuvuka, na nilikuwa nikiwaza namna ya kumwambia Mama bila kumvunjia heshima. Tulikuwa tumekaa kisimani, kamba zetu zimefungwa pamoja na za familia kutoka Gujarat iliyokuwa ikibishana kama wali wao umeiva. Nikamwambia kwa upole, rafiki yangu akitafsiri pale Kihindi changu kilipoishia.

Mama alicheka mpaka akakohoa. Akavuta kamba mbili, si moja.

"Huu ni wa mungu," akasema akikiweka kifuko cha kwanza kwenye sinia na maua. "Na huu haujapita kwa mungu yeyote, binti yangu. Huu ni wa njaa."

Alikuwa amenunua viwili tangu mwanzo. Tukaula huo wa pili na sukari na samli kidogo aliyoibeba katika kichupa. Wali wenyewe una ladha ya madini kidogo, kitu kama chumvi ya mawe, punje zake zimeshikana kwa kubanwa kitambaani. Kwa mpishi wa pilau wa Mombasa ungekataliwa mlangoni. Wenye elimu kunizidi watasema kama maji yanayoitwa matakatifu na wengine yanabadilisha hukumu ya mchele uliochemshwa ndani yake. Mimi niliyahesabu maji.

Bafu sasa. Maji hayaogeki yalivyo, yangekumenya ngozi, hivyo huchanganywa na ya baridi kabla ya kufika kwenye vidimbwi. Wanawake wana chao kilichofungwa kwa kuta, na humo ndani niliwaona bibi wa miaka sabini wakiingia na nguo zao nyepesi, wakizama mpaka shingoni na kutoa mguno mmoja wa starehe ambao hauhitaji mkalimani. Watasema maji yanaponya baridi yabisi, magonjwa ya ngozi, hata mambo ya tumbo. Ninasomea dawa, na sitawapokonya bibi hao nafuu yao: maji ya moto hulegeza viungo vilivyokakamaa, hilo ni kweli hata kwenye beseni la nyumbani. Zaidi ya hapo nisingemwambia mtu aache vidonge vyake. Gurdwara kuna pia pango dogo lenye joto ambamo watu huketi wakitoka jasho kwa zamu. Niliingia, nikatoka. Mtu aliyezaliwa Mombasa halipii safari kwenda kutoka jasho.

Wahindu wengine husema aliyeoga Manikaran hana haja tena ya kwenda Kashi, yaani Varanasi, mji mtakatifu kuliko yote kwao. Nilimuuliza Mama. Akajibu kwamba yeye ameshakwenda kote kuwili, ili pasiwe na mjadala.

Kilichonishangaza kuliko vyote sikukitarajia wala hakimo katika vipeperushi vya watalii nilivyovikuta stendi. Katika bonde la Kullu kila kijiji kina mungu wake, mwenye jina, tabia, ardhi, ugomvi na jamaa katika vijiji jirani. Mungu huyo hukaa hekaluni kijijini, lakini si mfungwa. Ana machela yake ya mbao iliyovishwa hariri, na mbele ya machela hupangwa sura za fedha na shaba, nyingine za zamani sana. Akitaka kusafiri, huzungumza kupitia mganga wake, na wanaume wa kijiji humbeba mabegani juu ya milima, mbele kuna ngoma, kuna baragumu za shaba zilizopindwa ambazo mtu wa Lamu akizisikia atatafuta siwa iko wapi. Na miongoni mwa safari zao ni kuja Manikaran kuoga. Miungu yenyewe inahiji.

Tulikutana na mmoja siku ile ya kuondoka. Barabara ilifungwa, basi likasimama, dereva akazima injini akashuka na kuvua kofia. Kundi la watu wenye kofia za Kullu, zile za duara zenye ukanda wa maua ya rangi, lilipita likiwa limechoka na kufurahi, machela ikiyumba mabegani mwao kushoto na kulia. Rafiki yangu akanieleza kwamba kuyumba kule si kwa wabebaji, ni yeye mwenyewe mungu anavyotaka kutembea. Nikamuuliza mungu anahitaji nini maji moto. Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto. "Anachoka," akasema. "Ameshinda mwaka mzima akisikiliza matatizo yetu."

Nimeuandika mlango huu wa mazungumzo jinsi ulivyo kwa sababu umenifanya niitazame hadithi ya mfalme mmoja wa hapa kwa jicho jingine. Karne ya 17 Kullu ilitawaliwa na Raja Jagat Singh. Akaambiwa kwamba katika bonde la Parvati kuna Brahmini mmoja maskini, yaani mtu wa tabaka la makuhani, jina lake Durga Dutt, aliyeficha lulu. Husimuliwa kwamba mfalme alikuwa njiani kwenda Manikaran alipomtumia watu wake, na Brahmini, asiye na lulu yoyote, akajibu kwa kukata tamaa kwamba atazitoa mfalme akirudi. Mfalme aliporudi, mtu yule alijifungia na familia yake ndani ya nyumba akaitia moto. Tangu siku hiyo mfalme akiona wali, aliona funza. Akiinua maji, aliona damu. Akashauriwa alete sanamu ya mungu Rama kutoka Ayodhya, ikaletwa, akanywa maji yaliyoosha miguu yake, akapona, akaiweka sanamu kwenye kiti cha enzi na kujitangaza kuwa yeye ni naibu tu. Wenyeji husema sanamu hiyo ilikaa kwanza Manikaran, na hekalu la Rama la pale wanalihusisha na mfalme huyohuyo. Dussehra ya Kullu, sherehe ya wiki nzima kila Oktoba inayokusanya miungu zaidi ya 200 ya vijijini kwenye uwanja mmoja, imetokana na toba hiyo.

Tazama adhabu aliyopewa. Hakupigwa radi, hakuugua ukoma. Alinyang'anywa wali na maji. Katika bonde ambako wali huivishwa na maji yanayotoka chini ya mlima bila mtu kuyalipia, aliyedai lulu kwa maskini alifungiwa jiko.

Nisiwapake asali. Machi 2023 vijana waliokuja kutembea walizusha fujo hapa usiku na mawe yakarushwa kwenye nyumba za wenyeji. Na mlima wenyewe hauna huruma. Nyufa zilezile zinazopandisha maji zinaulegeza mwamba. Agosti 2015 majabali yaliporomoka juu ya gurdwara na kuua mahujaji. Tarehe 30 Machi 2025 udongo uliteleza karibu na gurdwara, mti mkubwa ukaangukia watu na magari, wakafa sita. Nilipopita nilitazama juu, kila mtu hutazama juu, kisha harufu ya adesi ikakuvuta ndani. Hoteli zinaendelea kupanda ghorofa mahali pasipo na ardhi ya kutosha hata kwa soko, na sioni nani atawazuia maadamu vyumba vinajaa.

Wanafunzi wenzangu wa Chandigarh, Ludhiana na Jalandhar mlionitumia ujumbe mkiuliza mwende lini na vipi: nendeni kati ya Aprili na Juni mwanzoni, au Septemba mvua zikishapungua hadi Oktoba. Julai na Agosti barabara ile si ya kuchezea. Chukueni basi la usiku hadi Bhuntar, msikubali teksi ya kwanza inayowafuata. Gurdwara ina vyumba vya kulala kwa mahujaji wa dini yoyote, nanyi mtatoa mnachoweza. Dada zangu, bebeni nguo ya pili ya kuogea na ya kubadilisha, na soksi nene kwa sakafu. Na mkishakula msiinuke kwenda kupiga picha darajani. Nyuma ya ukumbi kuna foleni ya watu wanaoosha sahani za wenzao, wakubwa kwa watoto, mnaruhusiwa kujiunga bila kuuliza, na maji ya kuoshea ni ya moto.